Glavu za Mwidadi

Wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomchukiza Mwanjaa.

Erasto Mndeme aliucheza mara mbili ndani ya chumba kidogo chini ya jukwaa la magharibi, zikiwa zimebaki dakika arobaini Katani wacheze na Gati. Alikuwa ameegemea meza, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika na kazi ya mikono yake. Klabu ya Katani ilimwajiri misimu miwili nyuma awe mshauri wa joto. Kazi yake ilikuwa moja tu: mashabiki wa Katani wasichemke, na wa timu pinzani wachemke. Hasira za mashabiki zilisomwa na mtambo wa ligi, Mizani, kupitia bangili zao, na jukwaa lililochemka liliadhibiwa.

"Baba, niliudaka?" ziliimba sauti za wanawake, laini, za kubembelezea mtoto. "Hukuudaka, baba, hukuudaka."

Akauzima. "Unauonaje, mama?"

Mwanjaa Semboja alikuwa ameketi mbele ya meza ile. Alikuwa na miaka hamsini na minne, fundi cherehani wa Ngamiani, na kwa miaka thelathini na mmoja yeye ndiye aliyeongoza hamasa ya jukwaa la Katani. Tanga nzima ilimjua kwa mdomo wake.

"Haya maneno umeyatoa wapi?" aliuliza.

"Kwako, mama. Mkutano wa tawi, Jumatano ile. Si ulituhadithia mwenyewe? Mimi nilinukuu tu."

Ee Mola wangu. Ni kweli alihadithia.

"Nimeupima," Erasto akaendelea, hana habari. "Watu wetu ishirini wameuimba hapa hapa, bangili zote kijani, mapigo ya moyo sabini na mbili. Kisha nikawaita watu watano wa Gati, nikawasikilizisha. Sekunde arobaini, wote nyekundu. Mmoja alivunja kiti." Akacheka. "Na tusi halimo hata moja. Mizani ina orodha ya matusi elfu kumi na moja, nimepitisha kila neno. Safi kabisa."

"Safi," Mwanjaa alirudia.

"Jukwaa lao likikaa kwenye nyekundu dakika tatu, wanatolewa mchezaji. Likirudia, wa pili. Mara ya tatu anatolewa wa tatu, na kiongozi wa jukwaa anafungiwa maisha. Singano, mzee mwenyewe uliyetuhadithia habari zake, ndiye kiongozi wao, na yeye leo ataungua kuliko wote. Tunashinda mechi, tunabaki ligi kuu, na msimu ujao Gati hawana mtu wa kuwaongoza. Leo sare tu inatushusha daraja, mama, usisahau."

"Erasto, mama yako yu hai?"

"Yuko Njombe. Kwa nini?"

"Nenda kamwimbie yeye." Mwanjaa alikuwa ameshasimama. "Mimi wimbo huu siuimbi. Na jukwaani kwangu hauimbwi. Umenisikia? Wewe mtoto umesoma mpaka umepoteza haya!"

Bangili yake ikamtetemekea mkononi, rangi ikahama kutoka kijani kwenda manjano. Erasto aliitazama bangili kabla ya kumtazama mwenye bangili.

"Punguza mapigo, mama," alisema kwa adabu zote. "Hakuna atakayekulazimisha kuimba."

Akaandika kitu kwenye kishikwambi chake. Mwanjaa akatoka akibamiza mlango, akidhani ameshinda.

*

Asiyewajua Katani na Gati atadhani ni maadui. Wala! Ni watani, na utani wao ni wa tangu enzi mababu wa hawa wakikata mkonge mashambani na mababu wa wale wakiupakia melini, kila upande ukiuita mwenzake mwizi wa marobota. Mtu wa Gati akioa, Katani wanavamia harusi na kudai bibi harusi ni wao. Mtu wa Katani akiugua, Gati wanakuja kumpima urefu wa kaburi, na mgonjwa anacheka mpaka anakohoa.

Na kwenye msiba ndiyo usiseme. Akifa mtu wa Gati, Katani ndio wanaochimba kaburi. Wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanazuia jeneza mlangoni, wanakamata kitu chake kimoja na kugoma kukirudisha mpaka wafiwa wakikomboe, kwa jogoo au kwa sinia la pilau, siku ya arobaini. Watu wanalia huku wanacheka. Tena lile analolisema mfiwa kwa mtani wake ndani ya siku zile, mtani analibeba kama mkunga anavyobeba ya chumbani. Halitoki. Hakuna aliyeliandika popote, na hakuna aliyewahi kulivunja.

Mwidadi Singano, golikipa wa Gati, alifariki siku thelathini na sita kabla ya mechi hii. Aliruka kuufuata mpira wa kona, kichwa kikapiga mwamba wa goli. Alikaa hospitali usiku mmoja. Siku ya kumzika, Mwanjaa alivaa glavu za marehemu, zikampwaya viganjani, akasimama mlangoni pa nyumba ya Mzee Singano akatanua mikono.

"Hapiti mtu hapa! Apite akinifunga!"

Mzee Singano, baba wa marehemu, miaka sabini na moja, kanzu imelowa machozi kifuani, aliomba soksi. Wakamviringia soksi mbili zikawa mpira. Akaupiga. Mwanjaa akajirusha mavumbini, mzima mzima, makusudi, upande usio wa mpira, na mpira ukapita. "Goli!" ikapigwa kelele ya wafiwa na watani pamoja, na jeneza likatoka. Glavu akabaki nazo.

Siku ya tatu ya matanga, mzee alimwita pembeni, karibu na masufuria.

"Bi Mwanjaa, wewe ni adui yangu, ndiyo maana nakwambia wewe. Usiku ule alifumbua macho mara moja. Akaniuliza, baba, niliudaka? Mpira ulikuwa umeingia, mama. Ulimgonga, ukaingia. Nikamwambia uliudaka, mwanangu. Akafumba macho. Nimemdanganya mtoto wangu neno la mwisho, na sijui kama nilifanya vizuri."

Mwanjaa akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Sasa, mtu mwenye akili zake angelimeza hilo likaishia tumboni. Lakini Mwanjaa alikuwa na huruma, na huruma nayo ina ujinga wake. Katika mkutano wa tawi akasimama, akawaomba wenzake kwamba mechi ya Gati wasimguse mzee, wamwache na msiba wake. Watu walipoanza kunong'ona kwamba huu ni mpira bwana, si hitima, akaona bora awape sababu. Akawahadithia. Wanawake wakajifuta macho kwa ncha za khanga. Nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki, Erasto alikuwa na kishikwambi chake mapajani.

Na Mizani hii, mjue, Mwanjaa ndiye aliyeinyooshea mkono wa kwanza. Miaka tisa nyuma, baada ya mawe kurushwa kutoka jukwaa hadi jukwaa, watu walikimbilia Geti la Tatu, na geti lilikuwa limefungwa. Walikufa kumi na tisa. Mwanjaa alimtoa muuza karanga mmoja akiwa bado amekumbatia ungo wake, akambeba mpaka barabarani, akagundua kwamba amebeba maiti. Kwa hiyo wakubwa wa ligi walipokuja na bangili zinazosoma mapigo, jasho na ukali wa sauti, na mtambo unaojumlisha hasira ya jukwaa zima, alisema haraka, tuvalisheni, hata leo. Tangu hapo halijarushwa jiwe. Mizani ilifanya ilichoahidi.

Ila watu ni watu. Walipoona mwenye hasira ndiye anayeadhibiwa, wakajifunza kumchokoza mwenzao bila wao kuchemka. Na nani aliyewafundisha? Mwanjaa huyo huyo, kwa vijembe vyake vya kuchekesha, misimu ya mwanzo. Alidhani ni utani ule ule. Wengine wakaondoa kicheko, wakabakiza sindano, na klabu zikaanza kuajiri akina Erasto.

*

Dakika ya hamsini na nane ilikuwa bado bila kwa bila. Mwanjaa alikaa mahali pake, mstari wa mbele, karibu na ngoma kubwa ambayo siku hizi ilipigwa kwa mapambo tu. Mfukoni mwa dera alikuwa na glavu za Mwidadi. Uwanja ulikuwa wa timu zote mbili, naye alizibeba kila mechi tangu mazishi, akimwonesha Singano kwa mbali kwamba bado hajazikomboa, na mzee humtikisia ngumi.

Kule ng'ambo, jukwaa la mashariki, Mzee Singano alikuwa amesimama kwenye uzio na kofia yake ya bluu. Mwanjaa akazitoa glavu, akazipunga. Mzee akamtikisia ngumi. Basi, mambo ni shwari, akajisemea.

Hapo ndipo sauti yake ikaanza kuimba.

Mdomo wake ulikuwa umefumba. Aliusikia wimbo ukitoka kwenye bangili yake, na bangili ya jirani, na bangili elfu nne za jukwaa zima, maana bangili ndizo zilizobeba sauti ya kiongozi ili watu waanze pamoja. Ilikuwa sauti yake hasa, na mkwaruzo wake, na ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho. Miaka tisa alikuwa akiimbia ndani ya ile bangili. Klabu ilikuwa na akiba ya sauti ya kutosha kumtengeneza mwingine.

"Baba, niliudaka?"

Na jukwaa, kwa mazoea, likapokea. Maneno yalikuwa yakipita yameandikwa kwenye ubao mkubwa. "Hukuudaka, baba, hukuudaka!" Waliimba wakitabasamu. Wengi hawakujua wanaimba nini. Waliokuwa kwenye mkutano wa tawi ni watu sitini tu. Kijana aliyekaa nyuma yake akamgusa bega. "Bi Mwanjaa, hii kali! Umeitoa wapi?"



Kule ng'ambo hakuna aliyehitaji kuambiwa ni golikipa gani anayeimbwa. Taa ya jukwaa la mashariki ikapanda manjano, ikapanda nyekundu, watu wakasimama, viti vikapigwa mateke. Mzee Singano hakupiga kelele. Aliweka mikono yote miwili juu ya kofia, akawa anamtazama Mwanjaa. Umbali ule wa uwanja mzima alikuwa anamtazama yeye, maana sauti ilikuwa ya nani?

Dakika tatu. King'ora. Namba sita wa Gati akatoka uwanjani akishika kichwa. Dakika mbili baadaye Katani wakapata goli kupitia pengo aliloliacha, na jukwaa la magharibi likarukaruka, vuvuzela juu, watu wakikumbatiana kwa furaha yenye mapigo halali.

"Acheni!" Mwanjaa alipiga kelele. "Acheni wimbo huo!" Nani wa kumsikia? Sauti yake ya bangili ilikuwa kubwa kuliko yeye. Akaminya kitufe cha kiongozi, kimekufa. Akamtafuta Erasto, akamwona kule juu nyuma ya kioo, anamnyooshea dole gumba.

Wimbo ukaanza tena. Mashariki ikawaka tena. King'ora cha pili. Gati wakabaki tisa.

Damu ilimpanda Mwanjaa, na asikudanganye mtu kwamba ilikuwa hasira ya heshima. Ilikuwa hasira ya kutaka kung'ata. Wamemwibia siri, wamemwibia koo, na sasa wanamtumia yeye kumtoboa mtu aliyemwamini karibu na masufuria ya matanga. King'ora kimoja tu kimebaki. Mzee yule akifungiwa, hatalikanyaga tena lile goli la kaskazini ambako mwanawe alidaka miaka minane. Atakufa akiamini kwamba Mwanjaa Semboja ndiye aliyemfukuza.

Angeweza kuwaeleza watu wa jukwaa lake. Angewaeleza, wangekasirika, watu wa Katani hawakuwa mashetani, nusu yao walikula ubwabwa wa msiba ule. Lakini alijua kuwasha watu elfu nne ni nini. Aliijua harufu yake. Alikumbuka uzito wa yule muuza karanga, na karanga zilivyomwagika mgongoni kwake hatua baada ya hatua. Yeye aliapa kwamba hatawasha tena hasira ndani ya uwanja, hata kwa haki. Na kama angewasha, Katani ingeshuka daraja kwa mkono wake, naye angefungiwa geti hili maisha. Nyumbani kuna cherehani na kuta. Hapa ndipo palipokuwa na watu wake.

"Baba, niliudaka?" sauti yake ikaanza mara ya tatu.

"Koma!" alisema, akaivua bangili, akaitupa chini.

Akachukua marungu ya ngoma. Akapiga mara tatu, akasubiri, akapiga mara tatu. Kabla ya bangili, hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kunyamaza na kupokezana: kiongozi anasema sentensi fupi, mstari wa mbele unaugeukia wa pili na kuirudia, wa pili unairudia kwa wa tatu, mpaka inafika kileleni. Vijana hawakuijua. Watu wazima mikono yao ikasita hewani. Akapiga tena, mpaka ngozi ya ngoma ikalia vibaya.

Akapanda juu ya kiti, akainua glavu.

"Hizi ni za Mwidadi Singano!"

"Hizi ni za Mwidadi Singano," mstari wa mbele ukageuka ukasema. Ukapanda. Hizi ni za Mwidadi Singano.

"Aliyoyasema akikata roho ndiyo mnayoyaimba!"

Sentensi ikapanda ngazi kwa ngazi, na pale ilipopita, wimbo ulikatika.

"Baba yake alinipa siri msibani! Nikaitoa mimi, kwa ujinga wangu! Klabu ikaifanya wimbo!"

"Sauti mnayoisikia si yangu! Mimi huyu hapa!"

Ukimya ulipanda mpaka kileleni, na wimbo ukabaki unaimbwa na bangili peke yake, sauti nzuri isiyo na mtu. Kisha akamwona yule kijana wa nyuma yake. Uso ulikuwa umembadilika, mishipa ya shingo imemtoka, na alikuwa anatazama juu kwenye kioo cha Erasto. Na jirani yake. Na mwanamke mmoja alishavua kiatu, amekikamata kwa kisigino. Watu walianza kuinuka, mamia, wote wakielekea ngazi moja nyembamba. Mwanjaa aliona Geti la Tatu.

"Kaeni!" Sauti ilimpasuka. "Kaeni chini! Kasirikeni mmekaa!"

"Kaeni chini, kasirikeni mmekaa," mstari wa mbele ukasema, baadhi wakilia.

"Mtu asinyanyuke! Kiatu kivae, mama! Hakuna kuzomea, hakuna kurusha! Mnayo haki ya kuchemka, chemkeni hapo hapo vitini kwenu!"

Ilichukua muda. Kuna waliosukumana, kuna mzee aliyevuta shati la kijana mpaka likachanika. Lakini ngoma ilikuwa inapiga, polepole, na maneno yanapanda, kaeni, kaeni, na mmoja mmoja wakakaa. Watu elfu nne walikaa wameweka mikono magotini, meno yameumana. Na taa ya jukwaa la magharibi, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, ikawa nyekundu.

Mizani haikujua cha kufanya ila kile ilichoelekezwa. Dakika tatu. King'ora. Nahodha wa Katani akatoka, akisimama kwanza kuwatazama watu wake waliokaa kimya, asielewe. King'ora cha pili. Cha tatu. Ng'ambo kule, walipoona Katani wamekaa na glavu ziko juu, Gati walikuwa wameanza kukaa nao, mmoja mmoja, na taa yao ikashuka manjano, ikashuka kijani, kabla king'ora chao cha mwisho hakijalia. Uwanjani walibaki tisa kwa wanane. Gati wakasawazisha dakika ya themanini na tatu. Hakuna upande ulioshangilia.

Filimbi ya mwisho ikalia, goli moja kwa goli moja. Katani wameshuka daraja.

*

Askari wawili wa uwanja walimtoa Mwanjaa kwa geti la wafanyakazi. Mmoja wao aliokota ile bangili, akaikata kwa mkasi mbele yake kama kanuni inavyotaka, akamwambia kwa sauti ndogo, "Samahani, mama, ni kazi."

"Fanya kazi yako, mwanangu. Na mkasi wenyewe butu. Niletee niunoe."

Erasto alimkuta pale pale. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa kwapani. "Unajua umefanya nini? Watu mia mbili wanaishi kwa klabu hii! Miaka miwili ya utafiti wangu! Kwa ajili ya hisia za mzee mmoja!"

"Tazama mkono wako," Mwanjaa alimwambia.

Bangili ya Erasto ilikuwa nyekundu. Akaifunika kwa kiganja haraka. Mwanjaa alikuwa na maneno mengi ya kumwongezea, ya kumvua nguo mpaka mifupa, lakini nyuma yake aliona kofia ya bluu inakuja kando ya ukuta, akasahau kwamba Erasto yupo.

Mzee Singano alikuwa peke yake. Alisimama hatua tatu mbele yake, akihema. Macho yalikuwa mekundu na hayakuwa na kicheko hata chembe.

"Ulisema," alimwambia.

"Nilisema."

"Nilikupa neno langu la msibani, ukaenda ukalimwaga."

"Nililimwaga, Mzee Singano. Nilidhani nakukinga. Sina la kujitetea." Mwanjaa alizitoa glavu mfukoni. Mtani anayerudisha kitu bila kukombolewa ameuvunja utani, yeye na ukoo wake, na wote wawili walilijua hilo. "Chukua. Sistahili kukaa nazo. Chukua bure."

Mzee alizitazama glavu. Uso ulimkunjamana, na hasira ikamtoka kwa kishindo, hata askari wakageuka.

"Bure? Bure! Yaani umenitangazia aibu uwanja mzima, halafu unataka kuniongezea na hili? Mimi Singano nirudishiwe glavu za mwanangu bure, kama fukara asiye na jogoo bandani?"

"Mzee..."

"Nyamaza! Nimekukasirikia, Mwanjaa. Nitaendelea kukukasirikia, kesho na mtondo, na sijui ni lini nitaacha. Hilo ni langu, usiniharakishe." Alikuwa analia sasa, wazi wazi, bila kujifuta. "Lakini arobaini ni Alhamisi. Jogoo nimeshamfunga. Utakuja mlangoni kwangu na hizo glavu mkononi, mbele ya watu, uzidai kama mtani anavyodai. Usipokuja nitakufuata Ngamiani na fimbo."

Mwanjaa alizirudisha glavu mfukoni. Alitaka kusema asante, akaona ni neno dogo mno, tena mzee angelichukia.

"Jogoo mmoja?" alisema. "Golikipa wa ligi kuu, jogoo mmoja?"

Mzee Singano alimtikisia ngumi, akageuka, akaondoka kando ya ukuta.